Taa Niliyoagiza Izimwe

Walisema eabegi inaua hata gari likiwa limesimama.

Habari hiyo aliniletea jirani yangu Hadija, asubuhi, nikiwa uani naanika makopa ya muhogo. Hakukaa hata kwenye mkeka. Alisimama mlangoni, pindo la kanga mdomoni, kama mtu anayeogopa habari yake mwenyewe.

"Mama Husna, umesikia ya kule Naliendele?"

"Yapi tena?"

"Kuna mtu alikuwa anafuta vumbi ndani ya gari lake. Gari limezimwa, ufunguo uko mfukoni. Ule mfuko wa hewa wa kwenye usukani ukalipuka wenyewe. Wamemkuta shingo imegeukia huku."

Akanionyesha upande shingo ilikogeukia.

"Ulimwona?"

"Mimi sikumwona. Aliyemwona ni mtu aliyemwambia shemeji yangu."

Kwangu yalitosha. Ningekuwa mtu wa kuuliza, ningeuliza huyo marehemu anaitwa nani na kazikwa wapi. Sikuuliza. Niligeuka nikaliangalia gari la mwanangu lililoegeshwa karibu na choo, na tangu dakika ile nikawa naona kama ndani ya usukani wake kumelala nyoka.

Kwa uliyekosa gazeti la wiki jana: nilieleza jinsi baba Husna alivyoanguka toka juu ya mkorosho akipogolea, akavunjika mgongo, na jinsi tulivyouza shamba letu la Ziwani tukanunua gari dogo lililotumika. Mwanetu Husna, ambaye ndoa yake ilishavunjika, akawa analiendesha mwenyewe kubeba abiria kati ya Mtwara mjini na Msimbati. Gari hilo ndilo lililotulisha. Leo naeleza lilivyotuponza. Au niseme ukweli, nilivyowaponza mimi.

Husna aliporudi mchana nilimngojea mlangoni.

"Mwanangu, hilo gari lako lina eabegi?"

"Linazo mbili, mama. Ya dereva na ya abiria wa mbele. Kwani vipi?"

Nikamweleza ya Naliendele. Akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Basi usiogope. Za kwetu zimelala. Taa yake inawaka siku ya ngapi hii. Ikiwaka ile taa, maana yake hata nikigonga ukuta hazifunguki."

Akafungua mlango, akawasha gari, akanionyesha. Kijitaa chekundu chenye mchoro. Mtu amekaa, mbele yake duara kubwa.

"Na unaendesha hivyo hivyo?"

"Nitampelekea fundi. Nikipata nafasi."

Kesho yake Mwalimu Raheli alikuja kupanda gari nyumbani, kama kawaida yake ya Jumatatu. Huyu ni mtu wa Bukoba, anafundisha Msimbati, mwenye mwili na mwenye maneno. Alikaa mbele siku zote kwa sababu nyuma, alisema, magoti yake yanalia.

Alipoiona ile taa akainama kuichungulia.

"Husna, huyu mtu kwenye taa kapakata tikiti maji. Gari lako lina njaa."

"Hilo siyo tikiti, mwalimu. Hiyo ni eabegi."

"Mimi eabegi nimekuja nayo mwenyewe," akasema, akajipiga tumbo. Wakaondoka wanacheka.

Mimi nikabaki na hofu mbili. Ya kwanza, mfuko ulipuke. Ya pili, taa ile ilikuwa inamnyima mwanangu raha, na nilijua iko siku atakwenda kuitengeneza. Ikitengenezwa, nyoka anaamka.

Alipata nafasi wiki ile ile. Nikamwambia nakwenda naye.

"Mama, gereji kuna oili tupu. Utakwenda kufanya nini?"

"Kukaa."

Fundi wa umeme wa magari aliyempelekea anaitwa Erasto. Mtu wa Mbeya, ameoa huku kwetu. Kijana mpole, wa shikamoo nyingi. Aliniwekea kopo kubwa la rangi nikalie, akachomeka kimashine chake chini ya usukani, akasoma.

"Sensa ya mbele, upande wa kulia," akasema. "Mawasiliano yamekatika."

"Sensa?" nikauliza. Mimi niliyoijua ni ile ya kuhesabu watu.

"Kifaa kinachohisi gari likigonga, mama. Kiko hapa mbele, nyuma ya bampa. Gari likigonga, kinapeleka habari kwenye boksi la katikati, boksi linaamrisha eabegi zifunguke. Sasa hivi boksi linaita, sensa haiitiki. Kwa hiyo boksi limezima mfumo wote, likawasha taa ili mjue."

"Kwa hiyo zimelala kweli."

"Zimelala."

Moyoni nikasema alhamdulillahi. Naandika hivyo hivyo nilivyosema, nisije nikajipamba.

Alichomoa betri, akakaa chini kusubiri. Husna akamuuliza anasubiri nini. Akasema umeme wa eabegi hauishi papo hapo, na waya zake, zile za njano, haziguswi mpaka umeishe. Tena testa, kile kipima umeme, haipimi eabegi yenyewe. Ukiipima, inaweza kukulipukia usoni.

"Umesikia?" nikamwambia Husna. "Kumbe inalipuka."

"Amesema ukiipima, mama."

"Kulipuka ni kulipuka."

Erasto akacheka, lakini akanijibu kwa heshima. "Mama, yako magari ambayo eabegi zake zilikutwa na kasoro, watengenezaji wakayaita yarudishwe. Habari hizo ni za kweli. Ila nimeangalia namba ya gari lenu, halimo. La kwenu ni zima."

Nikawaza, namba itajuaje.

Akaanza kupima. Ncha moja ya testa akaiweka kwenye plagi ya boksi, ya pili akamshikisha Husna kule mbele kwenye plagi ya sensa, na bampa limeshatolewa. Testa ikalia. Maana yake waya ni mzima. Akautikisa waya. Testa ikanyamaza. Akauachia, ikalia tena.

"Unaona hii?" akamwambia Husna. "Waya upo na haupo. Gari likisimama unaitika, likitikisika unanyamaza. Hitilafu za namna hii ndizo zinazotuzeesha."

Akaufuata kwa vidole, kipande kwa kipande, anatikisa, anasikiliza. Kila alipofika karibu na sensa, mlio ulikatika. Akaifungua plagi. Ndani kulikuwa na kitu cha kahawia, kinang'aa, kimeganda kama gundi.

"Hiki nini?"

Nikaingiza mikono yangu ndani ya kanga.

Sasa nieleze. Wiki chache kabla ya hapo, panya walikuwa wanaingia kwenye gari. Husna alikuwa anabeba makopa na korosho za watu kwenye buti, na panya wakiyanusa hawatoki. Walikwisha kula waya wa honi. Nikakumbuka mama yangu alivyokuwa anapaka mafuta ya maganda ya korosho kwenye nguzo za nyumba. Wenyeji wa huku mnayajua. Meusi, makali, yakikushika yanakuchuna ngozi. Nguzo iliyopakwa hailiwi na mchwa wala haisogelewi na panya.

Nilichukua kopo na brashi ya chokaa, Husna akiwa amelala mchana, nikapaka kote nilikoona panya wanapita. Chini ya taa. Nyuma ya bampa. Kwenye waya zote zilizokuwa pale. Nilipaka kwa bidii, kama ninayempaka mtoto mafuta. Vidole vyangu vilikuwa bado vinachunika siku ile tulipokaa gereji.

Panya walihama. Nilijisifu kimoyomoyo.

"Mmepaka kitu huku mbele?" Erasto akauliza.

Husna akatikisa kichwa. "Mimi sijapaka."

Wakaniangalia. Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Neno moja tu, nimepaka mafuta ya korosho. Lakini nilimwona mwanangu jasho linamtoka, gari limefunguliwa kifua, nikaogopa macho yake. Tena kuna kitu ndani yangu kilichosema, acha, taa ibaki ilivyo.

"Labda lami," nikasema. "Huko njiani walikuwa wanaziba mashimo."

"Mama, lami gani? Sijaiona."

"Wewe ukiendesha unaangalia chini?"

Erasto akanusa. Mtu wa Mbeya, pua yake haiyajui mafuta yale. "Inaweza kuwa lami," akasema. "Basi petroli itaitoa."

Akaisugua plagi kwa mswaki na petroli mpaka vyuma vyake vikang'aa. Akafunga, akarudisha betri, akafuta kosa kwenye mashine. Husna akawasha gari. Taa ikawaka, ikazimika yenyewe kama inavyotakiwa.

Husna akampigia makofi. Mimi nikajikuna.

Tuliposhika njia ya nyumbani nilikaa kiti cha nyuma, nimejibanza kwenye kona. Husna akanitazama kwenye kioo.

"Mama, unamkimbia nani?"

"Jua."

Taa haikukaa muda. Joto la Msimbati lilipopanda, ikarudi. Lami ingetoka kwa petroli. Mafuta ya korosho yakishaokwa na joto la injini hayatoki kwa petroli, yanakuwa kama vanishi, na vanishi haipitishi umeme. Hayo Erasto angeyajua kama angeambiwa ni kitu gani. Akaagiza plagi nyingine, ikaja na basi toka Dar. Akakata ile ya zamani, akaunga mpya.

"Kama ni lami," akasema, "imeishia hapa kwenye plagi. Waya wa ndani utakuwa salama."

Kama ni lami. Nikaficha mara ya pili.

Taa ikazima, tukafurahi, ikarudi. Safari hii Erasto alikaa chini kabisa, akashika kichwa.

"Mama, hii lami yenu ina ukaidi. Kuna kitu kimepanda ndani ya waya, kimelainisha gamba lake. Hapa siendelei kubahatisha. Nitauvua waya wote mpaka kwenye boksi, niweke mwingine. Lakini nimefiwa na mama mkwe, natakiwa Newala. Husna, usilitembeze gari hili mpaka nirudi."

"Nikilitembeza?"

"Litatembea vizuri tu. Siku ukigonga ndiyo utanikumbuka."

Mwanangu ni mtu wa kusikia. Alililaza gari. Abiria wake wakapanda ya wenzake. Nyumbani tukarudi kwenye ming'oko, mizizi ya porini, asubuhi na ming'oko jioni, na baba yake kitandani akawa anauliza mbona hasikii injini.

Mwalimu Raheli akapiga simu. Nilikuwa nimekaa karibu, sauti yake inasikika mpaka uani.

"Husna, darasa la saba wanaanza mtihani. Nitafikaje?"

"Mwalimu, siwezi kukupakia. Eabegi zimelala."

"Nitakaa nyuma na magoti yangu."

"Hata nyuma. Fundi amekataza."

"Wewe msichana una roho ngumu kama mkaguzi."

Husna akakata simu, akainama. Hakulia. Nilimwona, nikasema moyoni, hii taa itamuua mwanangu kwa njaa kabla haijamuua kwa ajali.

Siku Husna alipompeleka baba yake kliniki, nilimwita Ismaili. Huyu hutengeneza redio, pasi, simu na magari, vyote kwa bisibisi moja. Akaangalia taa, akaniuliza:

"Mama, nitengeneze au nizime?"

"Kuna tofauti?"

"Ipo. Kutengeneza kunachukua muda."

"Ikizimwa, ile mifuko inaamka?"

"Haiamki. Inaendelea kulala."

Ndugu msomaji, usifikiri nilisita. Niliona nimepewa nilichokuwa nakiomba. Husna hataiona taa, atakuwa na amani. Mfuko hautalipuka, nitakuwa na amani. Watu wote watakula.

"Zima," nikasema.

Gari letu ni la zamani, taa zake bado ni za globu. Ismaili akafungua dashibodi, akaukata waya wa taa ile, akauunga na waya wa taa ya oili. Ukiwasha gari zinawaka pamoja, injini ikishika zinazimika pamoja.

"Hata trafiki akikagua hataijua," akasema. Akafungasha bisibisi yake, akaenda.

Husna aliporudi akawasha gari kujaribu tu, akakuta taa imezima. Akanijia mbio jikoni.

"Nani kaitengeneza?"

Hapa nilikuwa sijapanga neno. Likaja lenyewe.

"Erasto."

"Karudi toka Newala?"

"Kapita mara moja. Alikuwa na haraka, hata chai hakunywa."

"Kauvua waya wote?"

"Kauvua. Kasema umepona."

Akaniangalia kidogo. Kisha akanishika mikono yote miwili, hii iliyochunika, akaibusu. Akampigia Erasto amshukuru. Simu haikupatikana. Nikashukuru kwamba haikupatikana.

Kesho yake Mwalimu Raheli akakaa mbele.

Ajali haikuwa kubwa. Hivyo ndivyo walivyosema wote walioiona. Ilikuwa mchana, jua kali, kwenye kona ya kuingia Ziwani. Lori la magunia liliharibika barabarani, halikuwekewa hata majani ya kuonya watu. Husna alikanyaga breki, gari likateleza kwenye mchanga, likalipiga lori nyuma. Taa moja ikapasuka, bampa likaingia ndani. Abiria wa nyuma walishuka kwa miguu yao.

Husna alikuwa amefunga mkanda. Mkanda ulimshika kiuno na bega. Uso ulikwenda kwenye usukani. Taya limevunjika mahali pawili, na jicho la kushoto daktari anasema tusubiri.

Mwalimu Raheli alilegeza mkanda wake kwa sababu ya tumbo, akausukuma ule wa juu nyuma ya mgongo. Alifia njiani, kabla hawajamfikisha popote.

Eabegi hazikufunguka. Zote mbili zilikuwa zimelala, kama nilivyotaka.

Hadija alikuja hospitali kutupa pole. Akakaa kitandani miguuni kwa Husna, akalia, akajifuta, akaninong'oneza.

"Mama Husna, yule wa Naliendele kumbe aliteleza bafuni."

"Nani?"

"Yule wa shingo. Shemeji kauliza vizuri. Aliteleza bafuni. Wala hana gari."

Alikuwa ameleta habari kwa nia njema, kama alivyoleta ya kwanza.

Siku ya pili akaja askari wa usalama barabarani, mtu mzima, na kofia yake mkononi. Aliniamkia. Akasema wamelikagua gari, na kuna jambo. Waya wa taa ya eabegi umeungwa na wa taa ya oili. Mtu aliyefanya hivyo alijua anachokificha, na sasa kuna marehemu.

"Binti," akamwambia Husna taratibu, "nani alitengeneza taa hii mwisho?"

Husna anaongea kwa shida, meno yamefungwa waya. Lakini jina lilitoka limenyooka.

"Erasto."

"Ulimwona?"

"Mama alimwona."

Askari akanigeukia. "Mama, ni kweli?"

Dirishani palikuwa na mwanamke anaanika nguo. Namkumbuka huyo kuliko ninavyokumbuka uso wa askari. Alikuwa anaikung'uta kanga, anaikung'uta, haiishi maji.

"Ni kweli," nikasema.

Walimkamata Erasto stendi, anashuka kwenye basi la Newala, bado amefunga kitambaa cha msiba.

Nilifikiri nitakufa usiku ule. Sikufa. Mtu hafi kwa kutaka. Asubuhi nilimwosha mwanangu uso kwa pamba, sehemu zinazooshika, nikamnywesha maji kwa mrija, na kila aliponitazama kwa lile jicho moja nilijifanya natafuta kitu chini ya kitanda.

Mchana mlango wa wodi ukafunguliwa, akaingia mwanamke wa makamo ya Husna, amebeba chupa ya uji na kikapu. Akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sijakufahamu."

"Naitwa Gladness. Mke wa Erasto."

Nilisubiri matusi. Niliyataka. Kama angenitukana ningepata mahali pa kuanzia. Yeye akafungua kikapu, akatoa vikombe viwili, akamimina uji.

"Nimesikia mgonjwa anakunywa vitu laini tu. Nimeutia karanga kidogo, nimeuchuja. Na wewe mama, umekula?"

"Nimekula."

"Hujala. Midomo imekauka hivyo." Akanishikisha kikombe. "Kunywa."

Nikanywa. Ulikuwa mtamu, wa moto, umetulia. Niliumaliza wote.

Akakaa kwenye ukingo wa kiti, mikono mapajani.

"Mama, mimi sijaja kuwalaumu. Mwenzangu kaumia, na mwalimu wa watu amefariki. Nimekuja kwa sababu Erasto anasema gari hilo hakuligusa tangu tulipoondoka kwenda kumzika mama. Tulikuwa Newala siku zote, lakini polisi wanasema ndugu ni ndugu, watasema lolote. Wanataka mtu asiye ndugu."

"Ehe."

"Nikamwambia mume wangu, usihangaike. Yule mama ulikuwa unamkalisha kwenye kopo, kila ukipima yupo. Yeye ndiye anayejua nani aligusa na nani hakugusa. Labda siku ile alichanganyikiwa kwa uchungu wa mtoto, akasema ndiyo bila kusikia alichoulizwa. Nikamwambia, mama anayekaa gereji kutwa kumlinda mwanawe ni mtu wa kweli."

Nikakitazama kikombe changu. Chini palibaki mabaki ya karanga.

"Kesho asubuhi nitakupitia," akasema Gladness. "Twende wote kituoni. Utawaambia tu ulichokiona. Basi."

Ndipo nikasikia kitanda kinalia nyuma yangu.

Husna alikuwa amejiinua kwa kiwiko. Hakuwa amelala. Alikuwa amesikia kuanzia shikamoo. Akanitazama kwa lile jicho lake moja, na safari hii sikuwa na kitu cha kutafuta chini ya kitanda.

"Mama," akasema kupitia kwenye waya, polepole, kila neno linamuuma. "Siku ile uliyosema Erasto kaja. Alikuja na nani?"

Gladness akanigeukia naye.

Wote wawili wananisubiri, na mimi mdomo wangu una ladha ya uji. Nilichowajibu sina nguvu ya kukiandika leo. Ila wewe mama unayesoma hapa ukiwa na mtoto barabarani, haya yaepuke:

Usipake mafuta ya maganda ya korosho kwenye gari. Ni ya nguzo.

Usibebe makopa na korosho kwenye buti halafu ushangae panya.

Usimfiche fundi ulichomwaga au ulichopaka, hata kama utaaibika mbele ya mwanao.

Usiguse waya wa njano, wala usimruhusu mwenye bisibisi moja auguse.

Usizime taa. Tengeneza kilichoiwasha.

Usiamini kifo cha mtu asiye na jina.

Usikae mbele na mkanda umeupitisha nyuma ya mgongo.

Usimtaje fundi ambaye hakuja.

Usinywe uji wa mwanamke uliyemfungia mume.